Pelagia Ndiye Chaguo Langu

Ijumaa, 1 Oktoba 1976

Vumbi tupu. Treni imechelewa tena, maandazi yamekauka, na wateja wangu wote wamekaa stesheni wanatazama reli. Sijali. Leo nina kazi yangu.

Kamati ya mashindano ya maigizo hapa Mpanda itasoma majina tarehe kumi na tano. Watatu kwa kila zawadi, halafu siku mbili baadaye washindi. Mimi huwa siwasubiri. Kila mwaka nateua wa kwangu kabla yao, ndani ya daftari hili, nione nani ana macho. Mwaka jana nilipatia karibu wote! Ila zawadi ya mchekeshaji walimpa yule bwana wa timu ya stesheni anayechekea vichekesho vyake mwenyewe. Mpaka leo ikinijia namwaga chai.

Haya. Mwigizaji bora mwanamume: Celestin, wa makazi ya wakimbizi. Anaigiza mlevi, na pombe haigusi hata siku ya harusi. Sijaona mtu anaanguka vizuri vile. Anaanguka kama anakumbuka kitu.

Mchezo bora: kijiji cha Magamba, “Amechelewa”. Mtu anaumwa, anang'ang'ania kwa mganga, hospitali anakwenda akiwa amebebwa. Anakufa. Mwese nao wamo, wameshuka milimani kwa miguu na ngoma zao kichwani, Mungu awabariki, lakini mchezo wao ni mrefu kuliko hiyo njia waliyotembea.

Mwigizaji bora mwanamke: Pelagia wa Magamba. Sina wa pili. Sina wa tatu. Magamba watacheza mbele ya waamuzi tarehe tisa, ila mimi nimeona mazoezi. Mumewe wa mchezo kalala chini ya shuka. Yeye halii. Anakunja shati la marehemu, polepole, anakuta kifungo kimoja hakipo. Anasema, “Si nilikwambia uniletee nikushonee?” Basi. Hapo ndipo kilio kinatoka. Nilikuwa na kikombe mkononi, sikumbuki nilikiweka wapi.

Namuomba Mungu kamati nao wamwone. Akishinda anakwenda kucheza Sumbawanga, mkoani.

Jumapili, 3 Oktoba 1976

Nimetoka Magamba. Roho nzito.

Nilimpelekea Pelagia maandazi, nikamkuta amekaa nyuma ya jiko, hana raha. Mumewe Leodgar ana homa tangu siku ile ya mazoezi. Na mama mkwe ndio amepata la kusema! Kulia bila maiti ni uchuro, anasema. Ukimlilia mume wa uongo, kifo kinasikia, kinakuja kumchukua wa kweli. Na kweli Leodgar kalala, anatetemeka na blanketi mbili juu. Utamjibu nini mama wa watu?

Nilijaribu. Nikamwambia, “Mtani, homa hii ya mbu, watu wote wa Magamba wanaumwa.” Sisi Wanyamwezi na Wafipa ni watani, kwa hiyo nina ruhusa ya kusema ovyo, hata msibani. Akanijibu kwamba Mnyamwezi angejua dawa angeanza kujitibu mdomo. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Amri yake: Jumamosi mke wa Leodgar acheze, kwa sababu mwalimu wao amekwisha kuwaandikisha na ni aibu kuvunja. Baada ya hapo mwisho. Hakuna kulia tena, iwe Mpanda, iwe Sumbawanga. Hivyo ndivyo anavyomwita, “mke wa Leodgar”. Jina halitaji.

Pelagia alinisindikiza hadi njia panda. Akasema hajui kitu kingine anachokifanya vizuri duniani. Ugali wake mbichi, jembe linamshinda. Tukacheka wote wawili. Halafu akasema, “Dada, na kama mama anasema kweli?”

Nilisema kwaheri tu.

Jumatano, 6 Oktoba 1976

Leodgar bado. Wamempa dawa zahanati. Pelagia hajaja mazoezini.

Kaka Mbaruku karudi toka Karema na mzigo wake wa samaki, migebuka mikavu, nyumba nzima inanuka ziwa. Nimemhadithia habari ya kilio. Akasema yeye hajawahi kuona maigizo. Nikamwambia basi Jumamosi funga biashara, uje uone mtu.

Amekubali.

Jumamosi, 9 Oktoba 1976

Mungu wangu. Mungu wangu wee.

Ngoja niandike kwa mpangilio, nisije nikavunja kalamu.

Ukumbi ulijaa. Waamuzi mbele na karatasi zao. Kaka Mbaruku pembeni yangu, kanzu safi, kofia, mtu wa heshima kabisa. Pelagia alikuja! Amekonda, lakini alikuja. Mama mkwe naye yupo, benchi la nyuma, mikono ameikunja. Amekuja kulinda.

Mwanzo mzuri. Mganga na kuku wake mwekundu, wa kweli, kuku wa Mwalimu Maximilian mwenyewe, yule aliyetunga mchezo. Watu wanacheka. Halafu Gaspar, ndiye mume, anakufa, wanamfunika shuka. Kimya. Shati. Kifungo. “Si nilikwambia uniletee nikushonee?”

Akalia.

Jamani, ukumbi ulizizima. Kina mama wakaanza kuitikia kule nyuma. Mimi mwenyewe nilikuwa na leso mdomoni. Nageuka nimwambie kaka, unaona? Kaka hayupo!

Kaka yuko jukwaani.

Amejipaka vumbi usoni. Kanzu kaifunga kiunoni. Kajilaza chali mbele ya maiti, miguu huku, mikono huku, anapiga kelele: “Hatoki mtu hapa! Mfipa gani huyu anakufa ugali haujaiva? Mvivu! Kafa kwa sababu kupumua ni kazi! Hamziki, hamziki, mpaka watani tupewe chetu!”

Nilitaka ardhi inimeze. Sheria ya kamati kila mtu anaijua, wanaisoma kila siku kabla ya kuanza: mtu asiyeandikishwa na kikundi akikanyaga jukwaa, kikundi hicho nje! Mwalimu Maximilian nilimwona pembeni ya pazia, ameshika kichwa. Na hakuna wa kumtoa. Nani atamsukuma mtani msibani? Hakuna Mfipa atakayethubutu. Shuka la Gaspar linatikisika, maiti anacheka.

Na Pelagia? Hakusimamisha kilio hata kidogo! Alimtazama kaka kwa machozi yake yale yale, akasema, “Mtani, kumbe umefika. Yeye alikuwa anakuulizia.” Akaenda kwenye kapu la mganga, akamtoa yule kuku, akapiga magoti. “Haya, pokea. Mwachie mume wangu njia.”

Kaka akapokea. Akainuka, akapangusa vumbi, akamwambia, “Pole sana, mtani. Pole.” Kwa sauti nyingine kabisa. Akashuka na kuku kwapani, akatoka mlango mkubwa. Ukumbi mzima ukalia na kucheka kwa pamoja, sijawahi kusikia sauti ya namna hiyo.

Mchezo bora niliouona maishani mwangu. Na kaka yangu ndiye aliyeuua.

Jumapili, 10 Oktoba 1976

Sijamsemesha. Nimemwekea chakula, nimegeuka.

Mwishowe nikamfokea. Hukujua kama ni mchezo? Anasema alijua. Alijua vizuri sana, alimwona Gaspar anajikuna mguu. “Sasa Mfipa analia, sauti ile, na mimi nimekaa kama mzigo wa samaki? Miguu ilikwenda yenyewe, Sikuzani.” Halafu akasema kwamba alipozikwa baba yetu walikuja watani wawili tu, na wote wazee wasio na sauti, mazishi yakawa ya kimyakimya. Hajasahau.

Nikashindwa kuendelea kufoka. Lakini hasira ninayo.

Kuku yuko uani. Nimemtuma kaka amrudishe, kagoma. Cha kupewa na mfiwa hakirudishwi, anasema, ni kumtakia msiba wa pili. Mwalimu Maximilian naye hajaja kumdai. Anaogopa hilo hilo, najua.

Jumanne, 12 Oktoba 1976

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi mara elfu!

Asubuhi nakanda unga, naona mtu anaingia na mwavuli. Mama Leodgar! Katoka Magamba kwa miguu. Nikasema leo natukanwa mbele ya wateja. Nikamvutia kiti, nikamtilia chai, sukari yangu ya mwisho. Akanywa yote kwanza. Hana haraka, mama huyu.

Halafu akauliza kaka yangu yuko wapi. Kaka akatoka uani, anajikunyata. Akamwambia, “Mnyamwezi, una sura mbaya, lakini umefanya kazi yako.”

Hatukuelewa. Ndipo akaeleza, na alieleza taratibu kama anayefundisha watoto. Yeye aliogopa kilio kile kwa sababu kilikuwa wazi. Kimefunguliwa, hakuna wa kukifunga, kinazunguka kinatafuta nyumba. Sasa watani wamekuja, wamemtukana marehemu, wamelala njiani, wamepewa kuku, wameondoka. Basi! Kilio kikishataniwa kimekwisha. Hakina njia ya kuja kwake tena. Na usiku ule ule Leodgar alitoka jasho. Jana kala ugali, tena kalalamika mbichi.

“Ni zile dawa za zahanati,” nikasema. Mdomo wangu huu!

“Na dawa pia,” akasema.

Tukacheka, safari hii wote watatu. Nilisikia mabega yananishuka, kumbe tangu Jumapili ile nilikuwa nimeyabeba juu. Nikamwuliza, na Sumbawanga je, Pelagia akichaguliwa? Akachukua mwavuli wake. “Mke wa Leodgar hajachaguliwa. Tutaona.”

Si kukataa! Kwa mama yule hiyo ni karibu na ndiyo.

Sasa imebaki kamati. Na sheria yao.

Ijumaa, 15 Oktoba 1976

Nimerudi toka bomani nakimbia, mtu mzima, kanga begani.

Walisoma. Mwanamume bora: Celestin yumo! Nilipiga kofi peke yangu, watu wakageuka. Mchekeshaji: yule bwana wa stesheni, TENA. Sitasema kitu. Mchezo bora: Mwese wamo. Stesheni wamo. Halafu msomaji akageuza karatasi, mimi nikashika mkono wa Mwalimu Maximilian bila kumwomba ruhusa.

“Magamba.”

Mwanamke bora: “Pelagia, wa Magamba.”

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Mwalimu amenihadithia ilivyokuwa. Kamati walimwita juzi, wakamwuliza yule mwenye kanzu ni nani, mbona hayumo kwenye majina. Angeweza kudanganya. Akasema kweli: si mtu wetu, ni mtani, alipanda mwenyewe. Wakabishana mchana kutwa. Kijana mmoja wao anasema sheria ni sheria. Ndipo mzee mmoja wa kamati, Mpimbwe kwa kabila, akauliza swali moja: “Toka lini mtani akawa mgeni msibani?” Mgeni ni yule asiyehusika, akasema. Mtani anahusika kuliko wengi wa nyumbani. Wakawaandika Magamba.

Ila wameweka sharti. Jumapili kabla ya zawadi, walioteuliwa wataonyesha kipande, na wageni wa mkoa watakuwepo. Magamba waonyeshe msiba ule ule, na mtani wake. Safari hii kaka aandikishwe kama mwigizaji.

Kaka alipoambiwa aliuliza kama kuna mazoezi.

Jumapili, 17 Oktoba 1976

Naandikia ukumbini, daftari gotini, nyuma ya pazia. Wamenipa kazi ya kushika kapu. Kuku ni mwingine, mweupe.

Kaka Mbaruku ameharibika. Ijumaa jioni na jana kutwa mazoezi hayakwenda. Analala vizuri, anatukana vizuri, lakini kwa zamu, kama mtoto anayesoma ubaoni. Mwalimu anamwambia, “Ukisikia neno ‘nikushonee’, hesabu pumzi tatu, panda.” Anahesabu kwa sauti! Sasa amekaa benchi la mbele, wamemwambia asijipake vumbi mapema. Anatokwa jasho. Nimemwonyesha ishara apumue.

Wageni wa mkoa wameketi. Celestin amekwisha kuanguka, ameanguka vizuri sana. Mwese wamefupisha, asante Mungu. Leodgar yupo, anatembea, amemletea mama yake mto wa kukalia. Mama mkwe benchi la pili. Bado hajasema lolote la Sumbawanga. Pelagia alimwamkia mlangoni akiwa amepiga magoti, akaitikiwa “marahaba”, basi.

Wanaanza. Gaspar kafunikwa.

Shati.

Kifungo.

“Si nilikwambia uniletee nikushonee?”

Analia. Ee Mungu, leo ni zaidi ya siku ile. Ni sauti ya mtu aliyepona kuogopa, analia kwa nafasi.

Pumzi tatu zimepita. Kaka hajainuka. Midomo inahesabu tu. Pelagia anavuta kilio, anarudi kwenye shati, anavuta tena. Mwalimu anamkonyeza kaka mpaka shingo itakatika. Waamuzi wameacha kuandika, wanatazamana. Nikatoka pembeni ya pazia nimwite kwa mkono, haoni. Macho kayakodoa kwa wageni wa mkoa.

Mtu amesimama benchi la pili!

Ni Mama Leodgar. Kanga kaifunga kiunoni. Anamnyooshea kaka mkono, anapiga kelele ukumbi mzima unasikia: “We Mnyamwezi! Unakaa? Pelagia mwanangu analia peke yake na nyie mmekaa?”

Pelagia mwanangu. Nimesikia sawasawa. Na Pelagia kasikia, maana kilio kimekatika katikati, kamgeukia, shati kifuani, hajui aendelee au ashuke.

Mama naye hakai. Hajaandikishwa huyu, hana jina kwa kamati, na anakuja mbele.

Kaka anavua viatu, anachota vumbi.