Marisol Aliniuliza Kuhusu Mama

Gatitu, Agosti 1968

Dada Mishi,

Nakusalimu mimi, ndugu yako aliyetembea Mombasa hadi Kampala akaimaliza. Hapa ukungu umelala mlangoni kama paka, na mlima hauonekani, ni kama niliuota tu.

Nilimwambia mpangaji wangu Marisol, mwalimu msichana kutoka Meksiko, kwamba umesusia harusi ya binti yangu Zuena ati kijana ni Mkikuyu, hata kama amesilimu.

"Na mama yenu, Mzee Sulemani?" akaniuliza.

Nikamwambia Mama alizaliwa Wanjiru, Mkikuyu wa Chaka.

"Bibi yangu ni Mhindi wa kwetu, wa wenyeji wa asili, si wa duka," akasema, "na babu Mhispania. Nikimkataa mmoja, nabaki nusu."

Zuena hataki kupakwa hina na mtu mwingine ila wewe, shangazi yake. Harusi ni Jumamosi, na mikono yake bado mitupu.

Ndugu yako,
Sulemani