Nimeahidi Mahindi na Watoto kwa Wiki Zilezile

Mpendwa mshauri Bi Lorna, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu nitatakiwa kuwa mahali pawili.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na mitatu na tangu shule ikaribie kufungwa nimekuwa nikitafuta kazi ya kiangazi, nikaenda duka la aiskrimu, mwenye duka akaniambia nirudi siku kidevu changu kitakapoipita meza, nikaenda bwawa la kuogelea wakasema wanataka wenye miaka kumi na mitano, maktaba wakasema wanayo kazi ila ni ya bure, ndipo Shangazi Ruthann, ambaye ana basi na kundi la vijana wa kung'oa mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mhindi, kwenye mashamba ya mahindi ya mbegu, akaniambia, "Wewe nakuchukua, lakini kwangu hakuna kulia," nikafurahi mno kwa sababu kwetu kila mtu alianzia kwenye mahindi, baba, mama, hata kaka yangu Wendell, ambaye kila jioni ananiambia, "Saa tatu asubuhi tutakukuta chini ya basi unamwita mama," na mimi namjibu, "Nikimaliza mstari wangu nitakuja kukumalizia wako."

Sasa, Bi Lorna, Juni ilikuwa ya baridi na mvua, unakumbuka mwenyewe, mahindi yalikuwa yananifikia magotini, na wazee wote pale ghala la nafaka walikuwa wanasema mwaka huu mbelewele hazichomozi mpaka mwisho wa Julai, kwa hiyo Bi Marlys, jirani yetu anayelea watoto peke yake, alipokuja kuniomba nimwangalizie wanawe wawili kwa wiki mbili ili aende mafunzo ya uuguzi mjini Lincoln, nikaona nitamaliza watoto kwanza kisha niingie kwenye mahindi, nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Bi Marlys," akanikumbatia akasema nafasi hiyo ameingojea muda mrefu na akikosa hata siku moja atarudishwa mpaka mwakani, halafu likaja joto hili, usiku hatulali, mahindi yameumuka kama yametiwa hamira, na jana Shangazi akapiga simu, "Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi litakuwa nje ya kanisa, njoo na glavu na mfuko wa takataka wa kuvaa, umande wa mahindi hauna huruma," nami badala ya kusema ukweli nikasema, "Ndiyo, Shangazi."

Bi Marlys ameshanunua sare, Shangazi ameshanitengea kiti, na nimefikiria kujifanya mgonjwa lakini sijui niugue kwa nani. Nifanye nini? Hilo basi nalitaka kuliko kitu chochote.

Ni mimi, Mwenye Kazi Mbili.

*

Binti, barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya habari, mara ya pili kutafuta nukta. Nimezipata chache.

Hongera, kwanza. Msichana aliyekataliwa kwenye aiskrimu na kwenye bwawa, na bado akaendelea kubisha hodi, ana kitu ambacho wengi wa umri wake hawana. Wenzako wananiandikia kwamba wamechoka kulala.

Huruma yangu inaishia hapo. Umezaliwa katikati ya mahindi, halafu unapanga Julai kwa maneno ya wazee wa ghalani? Shangazi yako hakukutajia tarehe kwa sababu hakuwa nayo. Mbelewele zikichomoza hung'olewa kabla hazijamwaga chavua, la sivyo mbegu ya shamba zima imeharibika. Hazisubiri mtu apange mambo yake. Ulipokubali kiti kwenye basi lake, uliiweka Julai yote mikononi mwake. Hilo kila mtoto wa wilaya hii analijua, na wewe ulilijua. Uliamua kulisahau kwa sababu kukumbatiwa ni kutamu.

Habari ya kuugua ifute kabisa. Ukiugua kwa shangazi yako, utaonekana uani kwa Bi Marlys ukikimbizana na watoto. Ukiugua kwa Bi Marlys, utapita mbele ya dirisha lake ukiwa ndani ya basi.

Sasa sikiliza. Aliyeahidiwa kwanza ni shangazi yako, kwa hiyo unatarajia niseme uende shambani. Sisemi hivyo. Shangazi akikukosa atapungukiwa mikono miwili kati ya mingi, na kabla ya Jumatatu atapata mingine. Bi Marlys akikukosa atapoteza mwaka. Utakaa na watoto, siku zote, mpaka mama yao amalize. Najua unachokitaka ni basi, na ndiyo maana sikuzungusha maneno.

Usimtumie shangazi yako ujumbe wa simu. Nenda kwake kwa miguu, umwambie hivi: "Shangazi, wiki zako nilimpa mtu mwingine nikidhani mahindi yatachelewa, na uliponipigia niliogopa kusema." Usiongeze neno la kujitetea. Atakukaripia, nawe simama hapo mpaka amalize. Kisha umwombe wiki ya mwisho, ile ya kupita tena mashambani kutafuta mbelewele zilizorukwa. Nimepanda mabasi hayo ujanani na nimewaona wanaojigamba. Kufikia wiki hiyo wengine wanaumwa migongo, wengine wamekumbuka ghafla kwamba bibi zao wanawahitaji, na msimamizi anamchukua yeyote anayeweza kuinua mkono. Huenda hata Wendell ukamkuta amekaa.

Ukitoka hapo, pita kwa Bi Marlys umhakikishie kwamba Jumatatu upo, maana nadhani sasa hivi nimemtia hofu.

Majina nimeyabadilisha yote, kama ilivyo desturi ya kipindi hiki cha redio, ingawa sijui kwa faida ya nani. Mabasi ya mbelewele hapa kwetu hayazidi mawili, na shangazi yako hunisikiliza kila Ijumaa akipata kifungua kinywa. Kwa sasa bado anajiuliza kama ni yeye. Umfikie kabla hajapata jibu.