Maneno Uliyoyafuta Tumeyasoma

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 6 Machi 1994.

Mpendwa mdogo wangu,

Neno hilo la kwanza nimeliandika kwa sababu barua huanza hivyo, na sisi tumelelewa. Usilichukulie zaidi ya hapo.

Hujambo? Wifi hajambo, na watoto? Kile kifua chako cha msimu wa baridi kimekuacha? Nauliza kwa dhati kabisa, maana nataka barua hii ikukute mzima, uisome umekaa, usije baadaye ukasingizia homa. Sisi huku viungo vizima. Macho ya mama ni yale yale: la kushoto limeshaziba, la kulia linaona mwanga na kivuli cha mtu akipita. Presha yangu ilikuwa imetulia mpaka Jumatatu iliyopita.

Kompyuta uliyotuletea ipo, haijaharibika. Imeshika meza nzima ya chakula, kwa hiyo sasa tunakula tumepakata sahani. Ulisema tukiwa nayo barua zako zitatufika safi, hutahangaika tena na kalamu, na sisi tutakuwa watu wa kisasa. Disketi mbili za mwanzo hazikufunguka. Nilikaa na ile mashine jioni mbili nabonyeza huku na kule, yenyewe inanijibu kwamba faili hilo hailijui. Mama akawa anauliza kila saa, "Amesemaje?" nami namjibu bado hajasema.

Ikabidi nimwite fundi wa kompyuta wa ofisini kwetu, tunayemwita Waya kwa wembamba wake. Akasema programu unayoandikia wewe hatuna, na mashine uliyotupa haina nguvu za kuibeba. Yaani ulitupa mtungi usio na mdomo. Akatuwekea kijiprogramu cha kusomea mafaili, ambacho watu hupeana mkono kwa mkono kwenye disketi. Hakiandiki, hakirekebishi. Kazi yake ni kuonyesha kilichomo, basi.

Kila ukikifungua kinakusimamisha kwanza na tangazo. Aliyekitengeneza anasema nikionje siku thelathini, nikikipenda nimtumie ada yake kwa posta, na anwani yake ameiweka hapo. Unahesabu mpaka kumi ndipo kinakuruhusu kupita. Mwanzoni kilikuwa kinanikera kweli. Siku hizi namheshimu yule bwana. Hanijui, simjui, na ana shida na kitu changu, basi anakuja mlangoni anaisema shida yake. Wewe hilo limekushinda kwa mama aliyekuzaa.

Kijiprogramu chenyewe hakina adabu, kinamwaga kila kitu kilichomo ndani ya faili. Barua zako zilianza na nyuso ndogo zinazocheka, mioyo na alama za karata, mistari mitatu minne, ndipo likaja "Mpendwa Mama". Katikati ya habari takataka zile zinarudi, unashuka chini, maneno yanaendelea. Waya alisema ni mambo ya ndani ya programu yako, tuyaruke tu. Tulisoma disketi zile mbili hivyo, tukazoea.

Sheria ya mama kuhusu barua unaijua. Tangu enzi za baba, barua ya mama haisomwi na mtu kabla yake, na macho yalipomwacha sheria haikubadilika. Msomaji anaanza na tarehe, anamaliza na neno la mwisho, hachungulii mbele, hapunguzi kitu. Wewe mwenyewe uliwahi kulala njaa kwa kuruka ukurasa mzima wa barua ya shangazi ili uwahi mpira. Kwa hiyo usije ukasema hukujua barua husomwaje nyumba hii.

Basi Jumatatu bahasha ikaja. Ndani kulikuwa na disketi ya tatu, na ile karatasi ya mama kusaini, ya kukupa wewe mamlaka juu ya nyumba ili ushughulikie matengenezo ya paa. Hata nguo za kazini sikubadili. Nikamketisha mama karibu yangu, nikahesabu mpaka kumi na yule bwana wa tangazo, nikaanza kusoma.

Barua ilikuwa tamu, sitakudhulumu. Paa linavuja, huli ukashiba ukifikiria mama yako anavyolala kati ya mabeseni. Wakili atakuja Ijumaa, mama aweke saini tu, mengine umwachie mwanawe. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Ukafunga kwa dua ndefu. Zikaja nyuso zinazocheka, nyingi kuliko siku zote, nami nikabonyeza kushuka kama kawaida. Kweli, maneno yakaendelea, ila yalianzia katikati ya sentensi.

Nikasoma: vyumba vitano, kisima chenye maji mwaka mzima, nafasi ya kuegesha magari mawili, dakika kumi kwa mguu hadi stendi. Mama akanishika mkono. Akasema hatimaye umepata nyumba huko uliko, na machozi yakamlengalenga. Nami nikafurahi, mjinga mimi, nikapandisha sauti. Mlango wa nyuma wa chuma, imara. Ukuta wa uani una ufa, lakini hauna madhara. Mlango ule ni baba aliyeuchomelea, naufungua kila asubuhi ya Mungu, na bado sikushtuka. Mdomo ulikuwa umeshatangulia, akili inafuata nyuma. Nikasoma: "Yule bibi kizee anayeishi humo atakuwa ameshaondoka mwisho wa mwezi wa nne, kwa hiyo mnunuzi asiwe na wasiwasi."

Mama akauliza, "Bibi kizee yupi?"

Nilikuwa nimeshaiona sentensi inayofuata, na nilitaka kuizima mashine. Mama akasema, "Endelea. Usiruke."

Nikaendelea. "Dada yangu ameshamwandaa kwa habari ya paa. Atasaini bila maswali, haoni."

Hapo ndipo ulipoishia, na mimi ndipo niliposikia nilichosoma. Mama aliutoa mkono wake juu ya wangu. Hakuuvuta kwa hasira, aliutoa tu, akauweka pajani pake. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unajua?"

Miaka kumi na moja namwogesha, namkata kucha, namtilia dawa ya macho asubuhi na jioni, na swali lililomjia ni hilo. Na ana haki. Wiki tatu nzima, tangu uliponipigia simu ya paa, nilikuwa nambembeleza akubali kusaini. Ni mimi niliyemwambia, mama, mwanao ana uchungu na paa lako. Ulinitia uongo mdomoni nikaenda kumlisha mama yangu kwa kijiko. Niliapa mbele yake kwamba sikujua. Alisema amenisikia. Hakusema ameniamini, na tangu siku hiyo akiwa na kiu anapapasa ukuta mwenyewe mpaka kwenye maji, haniiti.

Kwanza nilidhani umekosea, umetutumia barua uliyomwandikia dalali wa nyumba pamoja na yetu. Nikajiambia, angalau ni uzembe. Jumanne nikaenda na disketi ofisini, nikaifungua kwenye mashine ya bosi ambayo ina programu kama yako. Ikaja barua ya mama peke yake, safi, imepangwa vizuri, imeishia kwenye dua. Dalali hayumo. Bibi kizee hayumo. Nikamwita Waya. Alianza kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Akanieleza kwamba mwandishi alichukua barua ya zamani, akayafuta maneno yake, akaandika mapya humo humo ili asihangaike kupanga upya. Programu ile ukifuta inaficha tu, haitupi. Hiki chetu cha kuonja hakijui kuficha.

Kwa hiyo hukukosea bahasha. Ulikaa ukamwandikia dalali, ukaona mpangilio umependeza, ukayafuta maneno ya dalali ukaandika "Mpendwa Mama" palepale. Mdogo wangu, una roho ngumu, na una uvivu juu yake. Hata kumdanganya mama umeshindwa kumfungulia ukurasa mpya.

Alhamisi ulipiga simu ofisini, nikamwambia mhudumu akujibu niko kikaoni. Sikuwa kikaoni. Nilikuwa nimesimama kando ya meza ya simu nasikia sauti yako inavyotoka mle ndani, inacheka. Usiniandikie kwamba maisha ya huko ni magumu. Najua ni magumu. Nakuuliza kitu kimoja tu, kile ambacho sijapata jibu lake katika barua zote mbili nilizosoma, ya mama na ya dalali: mama alikuwa aende wapi? Ulimwita bibi kizee anayeishi humo kwa sababu ungesema ni mama yangu, hata dalali angekuuliza swali hilo.

Ijumaa wakili alifika saa nne. Mimi nilikuwa nimeshaamua karatasi ile iishie jikoni, na kiberiti kilikuwa mfukoni. Mama akasema iletwe. Akaipapasa yote, juu mpaka chini, akauliza saini inawekwa wapi. Wakili akamshika kidole akakiweka kwenye mstari. Mama hakukitoa kidole. Kisha akasema, "Angeniomba, ningempa."

Wakili akainama kuangalia viatu vyake. Mimi nilimkasirikia mama, nakwambia ukweli, nilimkasirikia kuliko ninavyokukasirikia wewe, kwa sababu nilijua si maneno ya kupamba. Angekupa. Angefunga nguo zake kwenye shuka, akanifuata kwenye chumba chochote cha kupanga, na kila usiku angekuombea mnunuzi asikusumbue.

Hakusaini. Karatasi iko chini ya godoro lake, na mimi nimekatazwa kuigusa. Haya yanayofuata ni maneno yake, amenikalisha niyaandike, akanitaka nimsomee mara mbili ahakikishe sikuongeza langu. Anasema atasaini. Umesikia vizuri, nyumba ni yako. Ila uje mwenyewe. Utakaa kwenye kiti mbele yake, mimi nitakufungulia mashine, nawe utamsomea ile barua ya dalali kwa sauti yako, kuanzia vyumba vitano mpaka pale uliposema haoni. Usiruke neno. Ukimaliza, umpe kalamu mkononi, umshike kidole umwonyeshe mstari.

Mimi nilimwambia hutakuja. Akanijibu kwamba basi atakufa mwenye nyumba.

Mjomba amenikataza nisiandike salamu zake, nakuarifu ili ujue zimekataliwa. Shangazi hajaambiwa, moyo wake hauna nguvu za habari hii. Wifi msalimie sana, kwangu hana kosa mpaka nisikie vingine. Watoto wapakate kwa niaba yangu, uwaambie bibi yao anawauliza kwa majina, mmoja mmoja, kila jioni, hata wiki hii.

Mungu akufikishe salama kama utakuja. Kama huji, nilitaka kumwomba akunyime usingizi, lakini mama yuko chumba cha pili na masikio yake hayajambo, kwa hiyo nasema akulinde.

Wako akupendaye (nimelikata neno hilo mara mbili na mara mbili nimelirudisha, wino utauona mwenyewe, mimi sifichi),

Dada yako.