Shoo Imepita, Ciru

Jamhuri Estate,
Nairobi.
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa Ciru,

Hujambo, ndugu yangu? Kifua kimepoa, ama bado unakohoa kila ukitoka nje kwa hiyo baridi ya Leeds? Umepata koti la maana, au bado unatembea na ile sweta uliyotoka nayo hapa? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Magoti yangu yananikumbusha umri, lakini watoto wako wawili, Nyawira na Kiarie, hawajapata hata mafua. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hatumalizi: mimi napandisha sauti, wewe unalia, halafu mtandao unakatika. Everlyn wa kanisani anasafiri huko Jumanne, atakuletea barua hii pamoja na unga wa wimbi.

Usishangae mwandiko. Nakaa, nainuka, naenda kuangalia kama nguo zimekauka, narudi. Tangu useme huji, nimekuwa hivi tu. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimehamisha kabati la chumba ulichokuwa ulale, kisha nikalirudisha palepale. Shemeji yako Waithaka ananiuliza kama kuna mgeni, namwambia aniache.

Sikulaumu kwa kunyimwa likizo. Kazi ya watu ni kazi ya watu. Lakini Ciru, wewe ulimpa Nyawira tarehe, wiki ya Shoo! Alinifanya niizungushie kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na kila asubuhi aliigusa kabla ya uji. Nilikuambia sema "Mungu akipenda", ukanicheka, ati nimeanza kuzeeka.

Na Shoo yenyewe ya kilimo huwezi kuikwepa ukiishi hapa. Unajua uwanja ulivyo karibu. Wiki nzima ni bendi, vipaza sauti, ng'ombe wakilia, watoto wa jirani wakirudi na baluni. Kiarie alishinda dirishani akiuliza kama ngamia amelala. Ulimwahidi kumpandisha ngamia, natumaini unakumbuka. Nyawira yeye alikuwa anasikiliza magari. Gari likipunguza mwendo langoni, anashika kijiko bila kula.

Nilipowaambia huji, Kiarie alilia, nikampa andazi, akanyamaza. Nyawira hakulia. Aliuliza kama wamekufungia ndani. Nikasema la, ni kazi tu. Akasema sawa. Hiyo sawa yake sikuipenda hata kidogo.

Siku ya mwisho ya Shoo nikasema potelea mbali, nitawapeleka mwenyewe, mimi Tata, dada wa mama yao. Nguo zilikuwa zimepigwa pasi, nywele nimemsuka Nyawira jana yake. Akakaa kwenye ngazi, akaficha miguu chini ya sketi, akakataa viatu. "Shoo ni ya mama," akasema. "Kama haji, hatuendi." Nilibembeleza, nikatisha, nikaahidi soda. Wapi! Tukashinda ndani tukisikiliza watu wengine wakifurahi, Kiarie akimlilia ngamia wake mpaka sauti ikakauka. Haki ya Mungu, nilitamani kukupigia nikutukane.

Halafu ukatuma ile picha. Najua ulinitumia mimi, wala hukuwa na nia mbaya; ulitaka nione majani ya huko yanavyogeuka mekundu na kuanguka. Lakini Nyawira ndiye hunishikia simu nikiwa naosha vyombo. Alikuona umekaa kwenye majani, wale watoto wa mwajiri wako wamekulalia mapajani, mnarushiana. Akaitazama, akaitazama. "Hawa nao wanamwita nani?" akaniuliza. Tangu siku hiyo hataki kuongea nawe. Nilikuambia amelala, nikakuambia simu haina chaji, lakini ukweli ni huo. Hataki, na mimi naogopa. Naogopa azoee.

Na unajua alivyo. Tulipompa jina la marehemu mama, mimi na wewe tukaanza kumwita mama akiwa bado kwenye shali. Mama tumempata kweli. Unakumbuka yule wa kwanza ulipokuwa ukichelewa kurudi? Hakugomba, hakuuliza ulikuwa wapi. Alikunyamazia mpaka ukatamani akuchape yaishe. Basi ndivyo huyu, na hata meno ya juu hana.

Jana nikashindwa kukaa ndani. Nikawavalisha, tukateremka mjini bila mpango wowote. Pale University Way miti ya jakaranda imechanua, chini ni zambarau tupu. Nilitaka tupite tu, lakini Kiarie alikanyaga ua likatoa mlio, basi ikawa hakuna kuondoka, ni kukanyaga moja baada ya jingine. Nyawira alisimama kando na mikono mfukoni kama askari wa benki. Kisha ua likamdondokea kichwani. Akalitoa, akaliangalia, akaokota jingine, na punde si punde ananimwagia maua kwenye kitambaa changu cha kichwa na kucheka kile kicheko chake cha zamani. Nami nikamrushia, mzee mzima, watu wa mjini wakitutazama. Ciru, nilifurahi! Mvua ilipotufukuza tulikuwa tumelowa chapachapa.

"Piga picha, Tata," aliniambia kabla ya mvua. "Mama aone hata kwetu yanaanguka." Nikapiga haraka kabla hajabadili nia. Lakini nilipotaka kuituma akanishika mkono. "Hapana. Aje aone mwenyewe." Ndiyo maana hujaiona, na sitaituma mpaka aniruhusu.

Jioni nilipika chapati na ndengu. Unajua ninavyomwekea Waithaka chakula akiwa na zamu ya usiku, kama mama alivyotuwekea sisi. Nikasikia stuli ikikwaruza. Nyawira alikuwa ameshusha sahani, akaweka chapati moja na ndengu kidogo, akafunika kwa sahani nyingine. Nikamuuliza ni ya nani. "Ya mama." Nikamwambia polepole kwamba mama hawezi kufika leo, wala kesho. Akaisukuma katikati ya meza, mbali na mkono wa Kiarie.

"Akija atapasha mwenyewe," akasema.

Maneno ya marehemu mama yaleyale. Najua ameyatoa kwangu, nami niliyatoa kwa mama, lakini ilibidi nitoke nje nijifanye naangalia mvua.

Kwa hivyo usimpe tarehe nyingine, nakuomba. Omba likizo, iwe ya Krismasi au ya Pasaka, nyamaza nayo, kisha ubishe hodi. Na siku utakayopata barua hii, jioni piga simu. Akikataa, piga kesho yake. Usichoke kabla yake.

Mjomba Mbugua wa Dagoretti Corner anakusalimu, duka lake bado limesimama. Waithaka anakusalimu. Kiarie anasema hajasahau ngamia. Nyawira nimemuuliza kama ana salamu. Amesema chakula kipo.

Mungu akufunike huko uliko, akulinde na baridi, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye hata akigomba,

Waceke