Somo la Georgia kwa Sahani ya Sombe

Dada Mwanaidi,

Baridi ya Kasulu imenitoa kiburi chote cha Tanga. Nafundisha nimevaa makoti mawili, kama kabichi.

Jana nilikuwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, kwa Mama Furaha, Mkongomani anayeuza ugali na sombe, kisamvu chao. Amepangiwa kuhamia Marekani, jimbo la Georgia, akipita mahojiano ya Wamarekani. Aliposikia nafundisha historia, akanijazia sahani. "Nieleze hiyo Georgia."

Nikajimwaga. Wazungu waliwafukuza wenyeji, wakawalimisha Waafrika pamba kwa viboko, wakapigana na ndugu zao wa kaskazini ili wasiwaachie huru Waafrika hao. Waliposhindwa, wakatunga sheria za kumtenga mtu mweusi hata kwenye bomba la maji.

Mama Furaha akaweka mwiko chini. "Alors, mwalimu! Batu ba vile, njo wananihoji mara tano wajue kama miye ni mutu muzuri?"

Mimi na digrii yangu tukainamia sombe.

Mbusu Mama, mwambie huku mboga hutiwa mawese badala ya nazi na bado nanenepa. Kesho Mama Furaha anahojiwa mara ya sita. Mwombeeni apite. Na Georgia nayo iombeeni, maana yenyewe haijahojiwa hata mara moja.

Mdogo wako,
Hamisi