Mlango wa Chumbani Alioubakisha Fundi Badru

Umetimia mwaka mmoja, Baba Tuhfa, tangu Jumatatu ile asubuhi ulipoegemea benchi lako la useremala hapa Makorora ukaomba maji, na kabla hayajakufikia ukawa umekwenda kwa Mola wako. Tumekubali. Lakini yapo mambo ambayo tangu siku ile hatujapata wa kumweleza ila wewe.

Ulikuwa mpole. Hukupata kumpandishia mtu sauti, hata mteja aliyekuletea mbao mbichi akataka kabati lisilopinda. Nilipotaka kujiunga na kisomo cha jioni kwa umri huu, wengine walicheka. Wewe uliokota vipande vya mbao vilivyobaki, ukanitengenezea meza ya kuandikia kwa siku mbili. Siku mbili! Na mlango wa chumba chetu ulikuwa umeuanza miaka mitatu kabla.

"Mlango wa mke wangu si wa harakaharaka, Mama Tuhfa," ulikuwa ukisema. Kisha ukishaswali Alasiri, randa chini, unakwenda kwenye karata. Jamani, karata! Chama chenu cha mafundi seremala kilifanya mkutano mara moja kwa mwaka, ila kikundi chake cha karata kilikutana kila siku ya Mungu, bandani kwako. Wewe na fundi mwenzako Nasri upande mmoja, miaka kumi na tisa. Aliyeshindwa mlimvika shada la maranda shingoni, akapita nalo sokoni. Ni mara ngapi ulirudi nalo nyumbani ukicheka, maranda yamejaa kwenye kanzu niliyotoka kuifua?

Kwa desturi ya chama, kazi aliyoibakisha marehemu humaliziwa na mwenzake wa karata, na mtu mwingine haigusi. Basi nikakaa eda miezi minne na siku kumi, mjane wa seremala, nyuma ya pazia lililoshika mahali pa mlango wa chumba. Wenzako walikuja kuhani, wakaushika ule mlango, wakausifu: "Mashallah, mkono wa Badru huu!" Wakauegemeza tena ukutani.

Nikamwuliza Nasri. "Shemeji, mninga haujakauka." Nikamwuliza tena baada ya Ramadhani. "Bawaba ninazozitaka hazipo Tanga." Baada ya Idi ya kuchinja: "Shemeji, mgongo." Mgongo! Kila alasiri mgongo huohuo umeinamia karata, wanacheza watatu, mahali pako wameweka kofia yako. Mungu anisamehe, siku moja nilitoa salamu ya swala nikajikuta bado nagombana naye moyoni.

Mwezi uliopita nikasema basi. Nikampelekea ujumbe fundi mmoja wa Pongwe, asiye wa chama. Habari zikafika bandani kabla ya jibu lake, na kikundi kizima kikaja nyumbani. Dada yako Mboni akawapokea uani.

"Mmeleta mlango, au mmefuata kahawa?"

"Bi Mboni, fundi wa nje akiugusa ni aibu kwa chama," akasema Abass, fundi aliyejiunga na chama juzijuzi.

"Na mjane kulala na pazia mwaka mzima ni sifa?"

Hapo Nasri akakaa kizingitini. "Shemeji, nikiumaliza ule mlango, desturi inataka nipewe mwenzi mwingine. Wameshanipangia Abass. Ukibaki haujaisha, nafasi bado ni ya Badru."

Baba Tuhfa, nilikuwa na maneno makali, nimeyapanga tangu alfajiri. Nikayaacha. Lakini mlango niliuhitaji. Nikamwambia, "Nasri, Badru huko aliko hana haja na nafasi ya karata. Ana haja na dua. Tia bawaba."

Alifanya kazi siku nne. Siku ya tano akatia kitasa, akanikabidhi funguo, akaenda kukaa na Abass, ambaye wanasema hajui hata karata gani imeshatoka.

Mimi nilijifungia, nikaswali rakaa mbili. Kwenye sijida nilianza kwa kukulalamikia kwa miaka yote ile ya pazia. Nikamaliza nakuombea.

Unakumbukwa na mkeo Mwatum, wanao Tuhfa na Haji, dada yako Mboni, wajukuu, majirani wa Makorora, na Nasri, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na majina ya familia. Hitima itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya Alasiri. Mola akusamehe, akupanulie kaburi lako. Sisi, siku zetu zote, hatutakusahau.