Mnyororo wa Komando

Brigita, kabla ya adhana nilisikia mkia ukigonga beseni, ko, ko. Nikajua Komando bado yupo.

Lakini hata ule uji niliomlisha kwa mkono wiki tatu, leo kaukataa. Nikamwita bwana mifugo aje amchome sindano ya kumpumzisha.

Bashiru akatokea, yeye aliyemtupa mbwa huyu barabarani alipozeeka kwa kulinda mikorosho yake. Nikadhani kaja kumuaga.

"Bibi, nimefuata mnyororo wangu."

Mnyororo, Brigita.

Na Komando aliposikia sauti yake akainua kichwa. Akamtikisia mkia yeye.

Bwana mifugo akamwomba Bashiru amshike kichwa. Akarudi nyuma. "Nina udhu mimi."

Nikamuuliza, "Na mnyororo uliokaa shingoni mwake miaka yote, huo si najisi?"



Nikamshika mimi. Bwana mifugo, Mungu ambariki, alingoja mpaka nikamaliza kumpapasa masikio.

Nimeosha mikono mara saba, moja kwa udongo. Bashiru kaondoka na mnyororo wake.

Wewe ulimletea supu ya samaki juzi, akainywa. Njoo tena, ulale hapa. Sitaki kuamka peke yangu na lile beseni limenyamaza.